Kusikiliza Masomo Ukiokota Korosho: Nini Kinaingia, Nini Kinapita

Kuanzia Septemba mpaka Desemba, mikoa ya Mtwara na Lindi ina misimu miwili inayogombania watu walewale. Korosho zinadondoka na hazimngoji mtu. Zikilala chini mvua za kwanza zikazikuta, zinashuka daraja, na ghalani hakuna wa kukuhurumia. Wakati huohuo watahiniwa wa Kidato cha Pili na cha Nne wanahesabu wiki zilizobaki kufika Novemba. Ndipo linapokuja swali ambalo binti mmoja wa Kidato cha Nne, wa huku Newala, aliniuliza akiwa na gunia kichwani: "Shikamoo ticha. Nikijirekodi nasoma daftari, halafu niwe nasikiliza shambani, itaingia?"

Nikamwambia itaingia nusu. Akacheka, akidhani namkwepa. Lakini hilo ndilo jibu, na linahitaji maelezo, kwa sababu siku hizi mtandaoni kuna watu wanaahidi nzima: sikiliza ukiwa unapika, sikiliza ukiwa umelala, ubongo utajisomea wenyewe.

Mkanganyiko unaanza pale vitu tofauti vinapoitwa kwa jina moja. Kuna kupokea tu, ambako mwalimu anajaza ubao, wewe unanakili, jioni unapitisha macho kwenye daftari ukasema umesoma. Kuna kunasa bila kukusudia, kama mtoto anavyonasa Kimakonde cha bibi yake pasipo kufundishwa hata sentensi moja. Halafu kuna kurudia kwa pembeni, yaani jambo ulilokwisha kulisoma linapita tena masikioni wakati mikono ina shughuli nyingine. Anayekuuzia hii ya mwisho hukuvutia kwa mifano ya kunasa, nawe ukienda kutekeleza unajikuta unapokea tu.

Kunasa kwenyewe kupo, si uongo. Muulize mtoto wa darasa la sita Tandahimba bei ya mnada uliopita. Atakutajia bei ya juu na ya chini, atakwambia kama waliouza ni TANECU au MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima wa huku, na huenda akaanza kulalamikia makato kama mtu mzima. Nani alimkalisha chini akamfundisha? Hakuna. Ila tazama kwa karibu njia zilizopitiwa na bei ile mpaka ikakaa. Kaisikia redioni. Baba akaipinga kwa sauti. Mama akaigeuza kuwa viatu vya shule na bati mbili. Kisha mtoto akatumwa kwa babu kupeleka habari, akaisema kwa mdomo wake mwenyewe, na babu akamuuliza, "Una hakika?" Hapo si kusikia tena. Amejibu mtihani wa bei ya korosho mara tatu kabla ya kula chakula cha usiku, na jambo lenyewe linamgusa.

Uwezo wa sikio kufanya kazi bila kuamriwa umepimwa. Mwaka 1996, huko Marekani, Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wachanga wa miezi minane mfululizo wa silabi zisizo na maana, bila kituo wala kiimbo, kwa dakika mbili tu. Baadaye ilionekana kwamba watoto wale wanatofautisha silabi zilizokuwa zikifuatana kila mara na zile zilizokutana kwa bahati. Sikio lilikuwa linahesabu. Lakini kabla hujamwachia mtoto redio ukaenda zako, kuna utafiti mwingine wa mwaka 2003, wa Patricia Kuhl na wenzake. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walicheza vikao 12 na watu wanaoongea Kimandarini, wakaanza kutofautisha sauti za lugha ile ya Kichina. Watoto wengine walipewa wasemaji walewale kwa video, au kwa sauti tupu, muda uleule. Hawakupata kitu. Sauti ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, na wengi nyumbani wana Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua juu yake. Akiingia Kidato cha Kwanza, Biolojia inamjia kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa utamuuliza kwa Kiingereza. Anayeshindwa mara nyingi hajashindwa na seli wala mizizi. Hajawahi kuizoea sauti ya lugha inayozitaja. Kwa mtoto huyu, kusikia Kiingereza kila siku kuna faida ya kweli, ilimradi anakielewa. Neno "anakielewa" ndilo linaloachwa nje na matangazo. Wataalamu wa msamiati Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili mtu asome hadithi na kuielewa bila msaada, anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Sasa mwanafunzi anayejua nusu ya maneno akifungulia taarifa ya habari ya Kiingereza cha mbio, anachosikia ni ngurumo. Afadhali hadithi nyepesi ya darasa la chini, au somo ambalo mada yake anaijua tayari kwa Kiswahili, ili masikio yapate pa kushika. Filamu nayo inasaidia ikiwa na maandishi chini. Zile za kibandaumiza, ambazo mtafsiri amefunika kila neno kwa Kiswahili chake na vichekesho juu, zina raha yake, ila usimwambie mama kwamba ulienda kujifunza Kiingereza.

Kuna faida nyingine ambayo naipa uzito kuliko walimu wenzangu wengi, nayo ni kuondoa woga. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno la kigeni wasilojua maana yake. Mwanafunzi aliyesikia majina ya Kemia yakitajwa nyumbani, kwenye simu, kwa kaka yake anayejisomea kwa sauti, hashtuki akiyakuta kwenye karatasi. Hajayajua bado. Lakini amekaa nayo, na kukaa nayo kunamfanya afungue kitabu bila kusukumwa. Raha ya kusoma kwa sehemu kubwa inaanzia hapo.

Na hapohapo ndipo penye mtego, maana kulizoea jambo kunajifanya kulijua. Mfano tunao Lindi. Nani hajasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyepelekwa Ujerumani? Kila mtu anaye mdomoni, kuanzia kijiweni mpaka bungeni. Sasa uliza: alichimbwa miaka gani? Ni wa zama zipi? Mifupa ilifikaje pwani? Utasikia kikohozi. Machimbo yale yalifanywa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Mifupa ni ya wanyama walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wapagazi wa Kiafrika waliibeba vichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyeungwa kwa mifupa hiyo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mtu anaweza kusikia jina hilo miaka arobaini, akajiona analijua, na akatoka kapa kwenye swali la alama mbili.

Mtego huu umepimwa darasani pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walikirudia kifungu kwa kukisoma tena. Wengine walikifunika, wakaandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: 42 kwa 56, na walioongoza sasa ni wale waliojilazimisha kukumbuka. Katika jaribio lao lililofuata, waliosoma mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Ndiyo maana mwanafunzi anatoka msuli wa usiku kucha akiwa na uhakika, halafu mtihani unamshangaza, na yeye anausingizia kwamba ulikuwa mgumu.

Basi kurudia kwa pembeni kunafaa nini? Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona lilitoka Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, mwaka 2010. Beverly Wright na wenzake walikuwa wakiwafundisha watu kutofautisha milio inayokaribiana sana. Kuna waliofanya zoezi nusu ya muda tu. Nusu nyingine ya muda waliisikia milio ileile ikipita huku wakifanya kazi ya maandishi isiyohusiana. Hao waliendelea sawasawa na waliofanya zoezi muda wote. Na wale waliosikia tu bila kufanya zoezi hawakusogea hata hatua. Mlio si Historia, wala sitaki kuuvuta utafiti huu kupita urefu wake, lakini sura yake inafanana na ninachokiona kwa wanafunzi kila mwaka: kusikia kunaongeza pale ambapo mtu alishajituma, na pasipo kujituma hakuna cha kuongezea.

Kwa hiyo tukirudi kwenye rekodi. Kujirekodi unasoma daftari kurasa nne mfululizo ni kupoteza chaji. Dakika mbili za kwanza utasikiliza, ya tatu utawaza mabibo, ya kumi sauti yako itakuwa kama upepo. Fanya hivi badala yake. Usiku, kaa na mada moja, ndogo, labda mzunguko wa damu. Isome mpaka uielewe, funga daftari, tunga maswali kumi. Kisha chukua simu ya mama (shuleni simu ni marufuku, mnajua, lakini nyumbani hata kiswaswadu chenye memori kadi kinarekodi) na uulize: "Damu ikitoka mapafuni, inaingia kwanza chumba gani cha moyo?" Kaa kimya. Hesabu polepole mpaka kumi. Ndipo useme: "Chumba cha juu, upande wa kushoto." Swali la pili, kimya, jibu. Maswali kumi hayafiki hata dakika tano. Yarekodi kwa lugha utakayoulizwa nayo, hata kama Kiingereza chako kinachechemea. Anayekusikia ni wewe na mikorosho.

Kesho yake shambani, acha isikike kwa spika, simu ikiwa mfukoni. Hedifoni usizitumie: kwenye majani makavu kuna nyoka, na dada akikuita lazima usikie. Mkono unaokota bibo na kunyofoa korosho, mdomo unajibu ndani ya kile kimya kabla jibu halijatoka. Mdomo usipotembea, umerudi kwenye kupokea tu. Kila swali likikushinda, weka korosho moja mfuko wa kulia. Jioni zihesabu, na ukifungua daftari anza na yale yaliyokugomea. Jumamosi inayofuata rekodi ileile inapaswa kuacha mfuko mwepesi zaidi. Isipokuwa hivyo, tatizo si masikio, ni kwamba mada hukuielewa, na hapo hakuna simu itakayokusaidia. Nenda kwenye diskasheni, au kwa mwalimu.

Kile kimya kabla ya jibu si uvumbuzi. Ndicho kilichomo kwenye kitendawili: unategewa, unahangaika, na jibu hulipati mpaka umeshindwa na umetoa mji. Kwenye chuo cha Kurani nako mtoto husikia sura ikisomwa kila siku mpaka anaisoma usingizini, lakini hasogezwi mbele mpaka akae mbele ya mwalimu aisome bila msahafu. Mimi naona ajabu kwamba watoto haohao wakivuka barabara kuingia sekondari wanaacha njia hiyo, wanaanza kupaka rangi mistari ya daftari.

Lini urudie? Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha mwaka 1885 vipimo vinavyonukuliwa mpaka leo. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kukariri ilikuwa imeyeyuka. Baada ya siku moja imebaki theluthi hivi. Baada ya mwezi, karibu moja ya tano. Angalia umbo la upotevu huo: unakimbia mwanzoni, kisha unatulia. Somo lenye maana halipotei kwa kasi ya silabi zake, lakini umbo ni lilelile. Rekodi ya leo usiku isikilizwe kesho, kisha baada ya siku tatu nne, kisha wiki ijayo. Kuirudia mara kumi siku moja na kuitupa ni kazi bure.

Habari za kusikiliza ukiwa umelala nizipitie haraka. Mwaka 1956, Marekani, Charles Simon na William Emmons waliwasomea watu habari usiku huku wakipima mawimbi ya ubongo wao ili kujua nani kalala kweli. Waliokuwa wamelala hawakukumbuka. Usingizi unasaidia sana kuimarisha ulichosoma mchana, hilo linajulikana, ila simu inayobwabwaja chini ya mto inaharibu usingizi wenyewe. Muziki wakati wa kusoma? Wenye maneno unagombana na maneno unayoyasoma. Bongo Fleva ya kufulia nguo, sawa. Ya kusomea, hapana. Na Hesabu hazisikilizwi kabisa. Hesabu ni kalamu na karatasi, ukikosea unafuta.

Kuna jambo moja la kupumzika ambalo vijana hawaliamini. Michaela Dewar na wenzake huko Uskoti, mwaka 2012, waliwasimulia watu wa umri mkubwa hadithi mbili fupi. Baada ya hadithi moja waliachwa dakika kumi kwenye chumba chenye giza, bila kazi. Baada ya nyingine walipewa mchezo wa kutafuta tofauti kwenye picha. Hadithi iliyofuatwa na utulivu waliikumbuka zaidi, na tofauti hiyo ilikuwapo hata siku saba baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka prepo, kile kipindi cha kujisomea, akaketi kwenye kibaraza akitazama barabara, mwacheni. Yule anayetoka prepo akachomoa simu na kuanza kupitia video za sekunde kumi na tano ndiye wa kumsemesha.

Nimeacha wazazi mwisho kwa sababu huwa wananiambia hawana la kufanya: "Mwalimu, mimi niliishia la saba, hayo ya sekondari siyajui." Huhitaji kuyajua. Jioni mnapomenya muhogo au kuanua korosho kwenye turubai, mwambie mtoto akueleze alichosoma leo, kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama ndiyo lugha ya hapo nyumbani. Swali lako ni moja tu, "Kwa nini?", nalo uliulize kila anaponyamaza. Akiweza kueleza namna mmea unavyotengeneza chakula chake kwa maneno ambayo bibi anayaelewa, hakukariri. Atakapokwama, na atakwama, usimgombeze wala usimsaidie kubuni. Mwambie aandike swali hilo pembeni mwa daftari, kesho alipeleke kwa mwalimu wa somo, na jioni arudi akueleze alichojibiwa.